Sifuri za Dirisha la Muyinga

Mume wangu alifariki Kahama siku ya Jumatatu, nami nikawa mjane siku ya Ijumaa. Katikati ya siku hizo mbili nilifua kanzu zake, nikazipanga kabatini, nikamtumia ujumbe mmoja wa kumkumbusha mpira wa sufuria ya presha, kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa umekatika na maharage yalikuwa yakimaliza makaa bila kuiva. Hakujibu, na kutojibu kwake hakukunitia shaka. Kila alipovuka mpaka wa Kobero kwenda kununua mchele, alitoa laini ya Burundi na kuweka ya Tanzania, na laini hiyo ya pili ilikuwa ya biashara tu. Akirudi upande wetu, simu ingeita.

Aliyeleta habari ni mwenzake wa biashara. Alisimama uani kwetu, mtaa wa Nyamugari mjini Gitega, akakataa kiti, akasema kwamba homa ilimshika mume wangu njiani, kwamba alifia katika nyumba ya wageni, na kwamba Waislamu wa msikiti wa jirani walimwosha na kumzika siku ile ile kabla ya magharibi. Kifo na maziko nilivipata katika sentensi moja. Mkononi alikuwa na begi la marehemu. Ndani yake, chini ya shati, palikuwa na mpira wa sufuria, bado umo katika mfuko wake wa nailoni. Nilipoupima baadaye, ulikuwa wa saizi ile ile niliyoomba.

Wanawake wa jirani walinitazama wakingoja nilie. Nilikunja shati.

Jambo la kwanza lililozuka nyumbani lilikuwa hesabu ya eda. Mjane kwetu hukaa katika nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hazungumzi ana kwa ana na wanaume wa nje. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya siku ya kuanzia. Mama mkwe wangu, ambaye amezaliwa na kuzeeka Nyamugari na hajawahi kumwogopa mtu, alitaka tuanze Ijumaa.

"Jumatatu huyu alikuwa anafua, anaimba," alimwambia ustadhi wa msikiti wetu, akininyooshea kidole kupitia pazia kana kwamba nililazimika kuthibitisha. "Eda gani hiyo ya mutu mwenye kuimba?"

"Mama, eda haingojei habari ifike," ustadhi alijibu. "Imeanza pale roho ilipotoka. Ajue, asijue, imeanza."

"Basi zile siku ine alikaa eda bila kujua?"

"Alikaa bila kujua."

"Na zimehesabiwa?"

"Zimehesabiwa."

Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya pazia, nikisikiliza watu wawili wakiamua zile siku nne zilikuwa za nani. Sikuwa na maoni. Katika miezi ile niliulizwa mara nyingi najisikiaje, na kila mara nilitafuta kwa dhati, kama mtu anayeingiza mkono ndani ya mkoba kutafuta ufunguo. Kila mara niliutoa mkono mtupu.

Kazi yangu ilinifuata ndani. Nimeajiriwa na taasisi moja inayogawa dawa kwa zahanati za mashambani. Ghala kuu liko Gitega, mwendo mfupi kutoka nyumbani, na tawi liko Muyinga. Mimi ndiye ninayetunza hifadhidata, yaani ile mashine inayokumbuka kila katoni imeingia lini, itaharibika lini na imekwenda kwa nani. Ustadhi alisema kazi ya mikono na kichwa inayofanyika ndani ya nyumba haina tatizo. Ofisi nayo ilisema haina tatizo. Nikaweka kompyuta juu ya cherehani la zamani chumbani, mbele ya dirisha linalotazama ukuta.

Hapo ndipo simu ya mhudumu wa Muyinga iliponikuta, katika mwezi wa pili wa eda.

Huyu alikuwa mwanamke wa Uvira aliyevuka kuja Burundi miaka mingi iliyopita, akapata kazi kwenye dirisha la tawi letu. Manesi kutoka zahanati za Butihinda na kwingineko walikuja kwake na masanduku yao ya kupozea dawa, wengine kwa baiskeli kwa sababu mafuta ya pikipiki yalikuwa adimu. Yeye aliandika maombi yao, akabofya kitufe, akangoja mashine imwambie ni katoni zipi zitoke. Nilimfahamu kwa sauti kuliko kwa sura.

"Mama Ingénieur, pole tena kwa musiba," alianza, kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa ndani. "Mais mi niko nakufa huku."

"Unakufa na nini?"

"Na hii machine yenu! Nafinya, inazunguka. Nafinya, inazunguka. Manesi wamejaa ku mulango, leo moja ananiuliza kama niko nalala na macho wazi. Namwambia: ndiyo, tena niko naota we uko na adabu."

Nadhani nilipaswa kucheka. Nilimuuliza kama ameshalalamika kwa mkurugenzi.

"Ni yeye mwenye kunilalamikia! Anasema rapport yake inaandika zéro. Kila siku zéro, machine inamaliza palepale. Donc zile dakika zote ni zangu? Mi niko nazikula?" Kisha sauti yake ikashuka. "Amesema mwisho wa mwezi ujao anaweka mutu mwingine. Ameniambia nianze kumufundisha. Mi nimufundishe mutu kukalia kiti yangu. Na watoto wa dada yangu wote wako masomoni, mama. Wote."

Nilimwambia nitatazama. Niliposhika kalamu niandike alichosema, sikujua niandike nini, kwa sababu lilikuwa jambo moja tu: mashine inasema sifuri, na yeye atapoteza kazi kwa sifuri hiyo.

Lazima nieleze sifuri hiyo ilitoka wapi. Ndani ya hifadhidata mna kazi ndogondogo zilizoandikwa mara moja na kutunzwa humo humo. Sisi tunaziita funksheni. Mhudumu akibofya kitufe, funksheni inaamka, inapekua maghala yote mawili, inalinganisha tarehe za kuharibika, inatenga katoni, inaandika hati ya kutoa dawa, inalala tena. Aliyeiandika ni mhandisi aliyenitangulia, kijana mwangalifu ambaye baadaye alihamia ng'ambo. Alikuwa ameiongezea kitu cha busara: mstari wa kwanza uliuliza saa, mstari wa mwisho uliuliza saa tena, na tofauti ya saa hizo mbili ikaandikwa pembeni mwa kila hati kuwa ndio muda uliotumika. Kila Ijumaa ripoti ilijitengeneza na kumfikia mkurugenzi, bila mtu kuigusa.

Nilisoma funksheni hiyo tangu juu hadi chini. Ilikuwa nadhifu, na maelezo yake ya Kifaransa yalikuwa na alama zote za matamshi. Saa ya mwanzo, saa ya mwisho, moja kutoa nyingine. Sikuona kosa. Nikaanza kuamini kwamba mhudumu wa Muyinga ana mtandao mbovu, au ni mzito kweli.

Yeye mwenyewe alielekea kuamini habari ya mtandao. "Ni câble," aliniambia siku iliyofuata. "Kuna panya hapa, mama, kubwa kama sungura. Nimeweka paka. Paka anawaogopa."

Nilimwomba mlinzi wa tawi aukague waya. Ulikuwa mzima. Panya walikuwa wanakula maboksi.

Asubuhi moja, baada ya kumaliza chai ambayo sikuhisi ladha yake, nilitengeneza nakala ya funksheni mahali pa majaribio, nikaingiza katikati yake amri moja: lala. Niliiamuru ilale muda mrefu kiasi cha mtu kutoka chumbani, kuzunguka ua na kurudi. Nikabofya, nikatoka chumbani, nikazunguka ua. Mama mkwe alikuwa anachagua mchele. Aliniuliza natafuta nini, nikasema sitafuti kitu. Niliporudi, funksheni ilikuwa imeamka tu. Pembeni mwa hati palikuwa pameandikwa muda uliotumika: sifuri.

Ilikuwa imelala mbele ya macho yangu, na ilipoamka ikasema haikulala.

Nilikaa nikilitazama neno ambalo mhandisi yule alilitumia kuuliza saa. Kila anayejifunza kazi hii hulitumia, ndilo la kwanza kufundishwa: now(). Mtu angedhani linauliza saa ya sasa. Lakini katika hifadhidata yetu linajibu saa ambayo muamala ulianza. Muamala ni tendo zima, tangu mlango unapofunguliwa mpaka unapofungwa. Ukiuliza saa kwa neno hilo ukiwa ndani, uulize mara moja au mara mia, unapewa saa ya mlangoni. Funksheni inaweza kukaa humo mpaka kuchwa. Mwisho ukitoa mwanzo ni sifuri, kwa sababu mwisho na mwanzo ni kitu kimoja.

Mambo haya nilifundishwa chuoni, Tanzania, kabla wazazi wangu hawajarejea nyumbani kwao Butihinda na mimi kuolewa Gitega. Mwalimu alitueleza pia kwamba saa kusimamishwa hivyo kuna manufaa yake. Katoni ikihama kutoka ghala la Gitega kwenda tawi la Muyinga, kutoka kwake na kuingia kwake lazima viandikwe kwa saa moja. La sivyo, mtu akitafuta baadaye, atakuta kitambo ambapo katoni imeshatoka huku na bado haijafika kule, na kwa kitambo hicho haiko popote.

Nilizifikiria zile siku nne. Mume wangu ameshatoka, na kwangu bado hajatoka. Ustadhi alikuwa amezifunga siku hizo kwa namna ile ile, kwa saa moja ya mlangoni, na kwa upande wa hifadhidata nilimwelewa kabisa. Niliyafikiria hayo kama mtu anayesoma jina la barabara kupitia kioo cha gari, kisha nikarudi kazini.

Dawa ya kosa lile ilikuwa neno jingine, clock_timestamp(), ambalo kila likiulizwa huenda nje kutazama saa yenyewe. Niliweka neno hilo mwanzoni na mwishoni mwa funksheni ya kweli, nikaongeza safu mpya pembeni mwa hati. Ile safu ya zamani sikuifuta. Niliacha zote mbili zikae bega kwa bega. Kufikia mchana Muyinga walikuwa wametoa dawa kwa zahanati kadhaa. Safu ya zamani: sifuri, sifuri, sifuri. Safu mpya ilikuwa na dakika. Dakika nzimanzima, wakati mwingine za kutosha nesi kwenda kununua andazi na kurudi akiwa amelimaliza.

Nilimpigia mkurugenzi. Ni mtu wa Gitega mwenyewe, Mkatoliki, mpole kwa sauti, mwenye Kifaransa cha ofisini na Kiswahili cha sokoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Madame, mi nakuheshimu," alisema. "Mais angalia. Kipimo kilisema zéro muda wote. Yule mama analia kwako, we unabadilisha kipimo, leo kinasema dakika. Mi nitasema nini mbele ya wakubwa? Watasema wanawake wawili wamepatana."

"Fungua mashine hapo ofisini uone kwa macho yako."

"Nione na nani? We hauko ofisini."

Alikuwa na haki. Katika ofisi nzima mimi tu ndiye niliyeweza kumwonyesha, nami nilikuwa siwezi kutoka. Nilipomweleza mama mkwe kwamba mkurugenzi angependa kufika nyumbani kwa jambo la kazi, aliuliza kama ana mke, akauliza ana umri gani, kisha akasema: "Atakaa barazani. Shemeji yako atakuwepo. We utakaa nyuma ya rideau. Na hatakula bure, atakunywa chai yangu aseme ni nzuri."

Alikuja kabla ya adhuhuri, akiwa na suti na viatu vilivyokusanya vumbi jekundu. Mdogo wa mume wangu, fundi cherehani mwenye duka lake karibu na soko, alikuwa amefunga duka kwa ajili hiyo na alionekana kuchukizwa. Pazia la maua lilishushwa mlangoni. Kompyuta ilitolewa nje ikawekwa juu ya kigoda mbele ya mkurugenzi, na waya wake ukapita chini ya pazia hadi kwangu, ambako ndiko kulikokuwa na umeme. Niliona vivuli vyao vitatu katika kitambaa: kimoja kirefu, kimoja kimeinama, kimoja kipana kikishika birika.

"Funksheni hii sijaigusa zaidi ya kuongeza ile safu," nilisema kupitia pazia. "Bofya mwenyewe. Lakini kwanza tazama saa ya mkononi mwako."

"Nafinya wapi?"

Shemeji alimwonyesha. "Hapa, patron. Finya tu, haiumi."

Alibofya. Jirani alikuwa anatwanga. Nilisikia sukari ikikorogwa.

"Kinachongojewa ni nini?" mama mkwe aliuliza.

"Jibu, Mama," mkurugenzi alisema.

"Jibu linatoka wapi?"

"Pale chini, ku ghala."

"Ghala lile la hapa chini? Lenye geti ya kijani?"

"Ndiyo hilo."

"We, si ungetuma mutu na miguu? Angekuwa amekwisha kurudi."

Shemeji akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Mkurugenzi hakucheka. Nilisikia kiti chake kikilia alipobadilisha mkao. Alikunywa chai, akasema ni nzuri sana, mama mkwe akajibu anajua. Shemeji alianza kumweleza namna ya kushona suti isibane mabegani, kwa maana iliyokuwa wazi kwa wote. Kivuli kirefu kiliinama kutazama mkono wake, kikainuka, kikainama tena.

"Imekuja," shemeji alisema.

"Soma safu zote mbili," nikamwambia mkurugenzi.

Alisoma ya kwanza kwa sauti: sifuri. Alisoma ya pili, akailinganisha na saa yake.

"Finya tena," alijiambia mwenyewe.

Alibofya tena, tukangoja tena. Mama mkwe alikwenda kuongeza maji jikoni, akarudi, akakaa. Sifuri, na pembeni yake dakika. Alipotaka kubofya mara ya tatu, shemeji alimwomba kwa heshima afikirie wateja waliokuwa mlangoni pa duka lake.

"Donc," mkurugenzi alisema hatimaye. Alilisema peke yake neno hilo, ambalo kwa Kifaransa ni kwa hiyo. "Donc yule mama hakudanganya."

"Hakudanganya. Na mashine haikudanganya pia. Iliulizwa saa ya kuingia, ikajibu saa ya kuingia."

"Zile zéro za zamani, unaweza kuzirekebisha? Ziandike dakika za kweli?"

"Siwezi. Hakuna mahali zilipoandikwa."

"Hata kwa kukadiria?"

"Kukadiria ninaweza. Itakuwa mimi nimekadiria."

Niliona kivuli kirefu kikitikisa kichwa. Nilitambua kwamba moyo wangu ulikuwa unakwenda kasi, nikauchunguza kwa udadisi kidogo, kama mtu anayesikia watu wakitembea katika nyumba aliyodhani ni tupu. Ulitulia. Nilisema kitu kimoja zaidi, ambacho sikukipanga: "Mheshimiwa, yule dada amekaa kwenye dirisha lile muda wote huo akiambiwa muda haupo. Ulikuwepo. Yeye alikuwa ndani yake."

Mkurugenzi alimshukuru mama mkwe kwa chai, akampa shemeji mkono, akaniambia pole kupitia pazia, akaondoka. Mama mkwe alisema ana adabu lakini suti inambana.

Siku zilizofuata nilifanya kazi ya kawaida. Nilitawanya lile neno la kutazama saa ndani ya funksheni, hatua kwa hatua, lieleze kila hatua imechukua muda gani. Nikakuta inapoteza karibu muda wote mahali pamoja: ilikuwa inakagua tarehe za kuharibika za kila katoni iliyowahi kuingia Gitega, hata zile zilizokwisha kutoka na kunywewa na wagonjwa na kusahauliwa. Mwanzoni, ghala lilipokuwa dogo, ilikuwa kazi ya kupepesa jicho. Miaka ilivyojaa, ukaguzi nao ulijaa. Niliiamuru itazame katoni zilizopo tu. Safu mpya ikashuka karibu na ile ya zamani, safari hii kwa haki.

Simu kutoka Muyinga ilikuja mwishoni mwa mwezi ule niliokuwa nimeambiwa.

"Wamesema nibaki," mhudumu alisema.

"Vizuri."

"Vizuri tu? Mama, nimesema nibaki! Yule mutu mwingine wamemupeleka magazini, ku ghala, kubeba katoni. Nilikuwa nimekwisha kumufundisha vyote, imbecile mimi." Alicheka, kisha akalia, kisha akaomba radhi kwa kumlilia mtu mwenye msiba. "Lakini hakuna mwenye kuniambia pardon. Chef, mukurugenzi yule, amekuja, amesema: endelea. Ile tu. Endelea."

"Ni kweli. Hawakuomba radhi."

"Na kwa dosier yangu zile zéro ziko?"

"Zipo. Nimeandika maelezo juu yake. Zenyewe zipo."

"Bon," akasema. "Zikae. Mi najua nilikuwa wapi."

Eda iliisha kwa hesabu ya ustadhi, kuanzia Jumatatu. Mama mkwe alikubali, ila kwa zile siku nne za ziada alijifungia yeye mwenyewe, hakwenda hata sokoni. Hakueleza sababu na hakuna aliyemuuliza. Asubuhi ya kutoka aliniosha kichwa, akanifunga kitenge kipya, akaniambia nitembee mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Nilitembea. Watu walikuwa wamenenepa, au walikuwa wamekonda, au nilikuwa nimesahau. Nilipochukua ule mpira katika mfuko wake na kuuvika mdomoni mwa sufuria, ulikaa sawasawa. Maharage yaliiva. Tulikula.

Kisha nikaenda kumwona mama yangu Butihinda, na kwa kuwa njia ni ile ile, niliteremka Muyinga asubuhi kutazama tawi. Nilikuwa nimeahidiwa gari la zahanati ambalo lingeondoka hapo kuelekea Butihinda kabla ya mchana. Mhudumu aliniona mlangoni, akasimama, na nikaona kwamba ni mfupi kuliko sauti yake.

"Ni we?" akasema. "Mi nilikuwa nawaza uko mzee."

Alinivutia kiti upande wake wa dirisha. Paka alikuwa amelala juu ya mashine ya kuchapishia. Nesi mmoja alileta maombi yake, mhudumu akayaandika, akabofya, na kabla hajageuka hati ikawa inatoka chini ya tumbo la paka, ambaye aliinuka kwa hasira na kulala tena palepale.

"Unaona?" aliniambia. "Sasa inatoka mbio. Sina hata nafasi ya kumutukana mutu."

"Jaribu," nesi akamwambia.

"We toka, peleka dawa kwa wagonjwa."

Alinipa chai na ndizi za kuchoma. Alinisimulia habari za yule aliyemfundisha, ambaye sasa anabeba katoni na humwamkia kila asubuhi kama mwalimu wake. Habari za panya. Habari za mtoto mkubwa wa dada yake aliyefaulu na wa mdogo aliyekataa viatu. Manesi walikuja wakaenda. Aliniuliza mume wangu alikuwa mtu wa namna gani. Katika miezi yote ile watu walikuwa wameniuliza alikufaje. Nilifikiri, nikamweleza kwamba alikuwa mtu anayeleta alichoagizwa. Nikamweleza habari ya mpira wa sufuria, saizi yake, mfuko wake wa nailoni. Sikujua kwamba ningeeleza kwa kirefu hivyo. Alisikiliza huku anabofya, anachomoa hati, anapiga mhuri, anamsukuma paka, na kila alipomaliza mtu mmoja alinigeukia akasema, "Eh, kisha?"

Nilipoinua macho, kivuli cha paa kilikuwa kimeshavuka kizingiti na kufika uani. Nilimuuliza gari la Butihinda liko wapi.

Alitazama nje, akatazama saa ya ukutani, akanitazama mimi.

"Gari? Lile gari limeondoka zamani, mama. Lilipiga hata klaksoni." Akapiga meza kwa kiganja, akaanza kucheka, na wale manesi wawili waliokuwa mlangoni wakacheka naye kabla hawajajua sababu. "We! Mutu wa kupima saa!"

Nilibaki nimekaa. Nilijaribu kukumbuka nilikuwa nimeanza kuzungumza lini, na sikuweza.

"Kaa," akasema, akinisogezea sahani ya ndizi. "Kesho kuna lingine."

Nesi aliyefuata akaweka sanduku lake juu ya kaunta.